Ugali Usiuache: Jibu kwa Msomaji wa Ipagala Mwenye Sukari ya Mpakani

Msomaji mmoja wa Ipagala, Dodoma, ameniandikia hivi: "Nina miaka 49, mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam ofisi zilipohamishwa, na tangu hapo nimenenepa hadi kilo 82. Mwezi uliopita nilipima, sukari kabla ya kula ikawa 6.4 na presha 138/88. Daktari hakunipa dawa, kaniambia nibadili mtindo wa maisha nirudi baada ya miezi mitatu. Jirani yangu Mgogo ananiambia nile ugali wa uwele na mlenda, nirudi kwenye vyakula vya asili. Binti yangu ananiletea unga wa mlonge na siki ya tufaha. Kazini wananiambia niache ugali kabisa. Nifuate lipi? Na je, itabidi nipike vyungu viwili, changu na cha familia?"

Dada yangu, nianze na namba zako, maana ushauri wote unasimama juu yake. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya mtu aliyelala bila kula ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, huo ni ugonjwa wa kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mtu yuko mpakani. Wewe uko hapo. Presha inahesabiwa kuwa juu kuanzia 140/90, nayo yako imeshabisha hodi.

Daktari hakukupuuza alipokuacha uende bila dawa. Kule Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya mpakani, matokeo yakatoka mwaka 2002. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kundi jingine lilipewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari. Wale wa chakula na mazoezi walipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, wale wa vidonge kwa asilimia 31. Kwa uzito wako asilimia 7 ni kilo zisizofika sita. Hatuzungumzii kurudi kwenye umbo la usichana. Kilo sita, na miguu iende.

Sasa ugali. Usiuache. Wanaokuambia uache watakufikisha wiki mbili, kisha njaa itakurudisha kwenye chapati za ofisini, na mkate mweupe au chapati ya unga mweupe haina nafuu yoyote kwa sukari yako kuliko sembe. Kinachokuumiza kwenye ugali ni mambo matatu: nafaka imefanywa nini kabla ya kufika kwako, tonge lina ukubwa gani, na pembeni yake kuna nini.

Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini vinaondoka. Humo ndimo mlimokuwa na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta mazuri, vitamini za kundi B na madini. Kinachobaki karibu chote ni wanga mweupe, laini, unaogeuka sukari kwenye damu kwa haraka. Jirani yako amesema kweli kuhusu uwele: una nyuzinyuzi, chuma na zinki kuliko sembe, na umelishwa watoto wa Ugogo vizazi na vizazi kwa sababu unavumilia ukame wa huku, kwetu mvua inapokuja msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na miaka mingine inakuja kwa kusuasua. Mtama nao ni hivyohivyo. Ila jirani hakumalizia: siku hizi hata mtama na uwele vinapelekwa mashineni vikakobolewa mpaka vikawa vyeupe. Unga wa mtama uliokobolewa hivyo umebaki na jina tu. Ukinunua uliosagwa tayari, uliza umekobolewa au la. Bora zaidi nunua nafaka nzima, pale Majengo au soko la Job Ndugai, uichambue na kuiosha mwenyewe, kwa kuwa uwele hasa huwa na mchanga, kisha uianike na kuisaga kidogo kidogo. Unga wa uwele una mafuta mengi na huanza kutoa harufu ya kuchacha mapema. Saga wa wiki mbili, usisage gunia.

Kuhusu aina ya mtama, utakutana na mweupe na mwekundu. Mweupe kama ule wa mbegu ya Macia ni mlaini na hauna uchungu, unafaa kwa anayeanza. Mwekundu wenye uchungu una tanini, kemikali za asili za mmea, ambazo zinachelewesha wanga kumeng'enywa. Kwa sukari hiyo ni faida. Lakini tanini hizohizo zinazuia mwili kunyonya chuma, na wengine zinawafungia choo. Kwa hiyo sikushauri ule mwekundu kila siku, hasa kama bado unapata hedhi nzito au uliwahi kuambiwa damu ni pungufu.

Anza hivi kwa watu wanne. Chemsha maji lita moja. Pembeni koroga vijiko vichache vya unga kwa maji ya baridi, umimine kwenye maji yanayochemka, upate uji mwepesi, uuache utokote dakika tano. Halafu ongeza unga taratibu ukisonga, nusu uwele au mtama, nusu dona, jumla kama vikombe vitatu hadi vinne. Funika, punguza moto, uive sawasawa. Hautavutika kama wa sembe, na rangi yake ni ya kijivu au kahawia. Watoto watanung'unika siku za mwanzo. Punguza dona kadiri mnavyozoea.

Fungu lako lisizidi ukubwa wa ngumi yako iliyofungwa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anabadili unga, anafurahi kwamba sasa anakula cha asili, anajipakulia mlima uleule. Wanga wa uwele ni wanga. Unaingia polepole zaidi, lakini unaingia wote. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ugali, robo maharage, kunde, samaki, mayai au nyama. Na uanze kula mboga na kitoweo kabla ya kugusa ugali. Sukari hupanda kwa upole ukifuata utaratibu huo.

Kuna jambo la dona ambalo wanaosifu vyakula vya asili hawalisemi, na sisi wa Kanda ya Kati hatuna ruhusa ya kulinyamazia. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Hiyo ni sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa vibaya, inaharibu ini, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini. Haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga, wala kwa kusonga ugali. Sehemu yake kubwa hukaa kwenye pumba na kiini, yaani palepale tunapokuambia usipatupe. Maana yake dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayohayo. Ukitaka kula dona, ni lazima uwe mtu wa ungo. Pepeta, toa punje zilizooza, zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na usizihurumie kwa sababu ya bei. Zilizotolewa usimpe kuku, zitarudi kwako kwenye yai. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasikutane na udongo, na yawekwe yakiwa yamekauka kabisa, juu ya chanja.

Karanga ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana nakwenda kukuambia uzile. Ni chakula kizuri sana kwa mtu wa sukari: mafuta mazuri, protini, zinashibisha. Lakini karanga zilizokwisha sagwa sokoni huwezi kujua kilichoingia mashineni, na mara nyingi zile mbovu ndizo zinazopelekwa kusagwa. Nunua nzima, chambua moja moja, kaanga bila mafuta, saga au twanga mwenyewe. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema. Kwa sababu hiyohiyo siupendi ule unga wa lishe wenye nafaka saba, soya na karanga mbichi ndani. Wingi wa vitu hauongezi ubora, na karanga ndani ya unga uliokaa mwezi mzima dukani ni mlango wa sumukuvu.

Mlenda, jirani yako apewe heshima yake. Ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji. Tumboni zinatengeneza kitu kizito kinachochelewesha chakula kutoka na sukari kuingia kwenye damu, na zinasaidia pia kushusha lehemu (kolesteroli). Ugali wa uwele kwa mlenda ni mlo ambao mimi kama mtaalamu wa lishe nisingeweza kuubuni vizuri zaidi. Tatizo lake ni magadi. Magadi ni sodiamu, dada yangu, ndugu wa chumvi. Kwa presha yako ya 138/88, kuweka chumvi na magadi kwenye chungu kimoja ni kujiongezea mzigo mara mbili. Tena magadi yanaua vitamini C na sehemu ya vitamini B1 kwenye majani. Mlenda mbichi unateleza wenyewe, ukiukata mdogo na kuusaidia kwa bamia chache.

Pika hivi. Chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na nyanya mbili zilizokatwa na kitunguu kimoja. Vijiko vikubwa vitatu vya karanga ulizosaga mwenyewe vikoroge kwanza kwa maji baridi, umimine, uache vichemke kama dakika kumi kwa moto mdogo huku ukikoroga. Tia bamia tano au sita zilizokatwakatwa na chumvi nusu kijiko cha chai, hiyo ni ya watu wanne. Mlenda uingie mwisho, fungu moja lililokatwa laini, chungu kikae wazi, dakika tano tu. Kamulia ndimu ukiwa umeshaepua. Kama ni mlenda mkavu wa unga, unyunyize kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kasi, la sivyo utashika mabonge. Mgagani nao unapikika kwa karanga namna hii. Uchungu wake hupungua ukichemshwa kidogo na maji ya kwanza kumwagwa, ingawa unapoteza vitamini kadhaa.

Chumvi kwa siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo hesabu ile ya viungo vya pakiti, ya vipande vya supu, na ile unayochovyea nyama Jumamosi mnadani Msalato. Tumia yenye madini joto. Na kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya Dodoma, yatumie kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa na kupikia tafuta maji baridi yasiyo na munyu.

Kwa upande wa kitoweo, mkoa huu una kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe, na zote ni bora kwako kuliko nyama ya kila siku. Ziloweke usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage, zitaiva upesi na gesi itapungua. Njugu mawe zinahitaji subira hata zikilowekwa. Samaki wa Mtera wakipatikana, wachemshe au wabanike. Mafuta ya alizeti ya huku na Singida ni mazuri, lakini kijiko kikubwa kimoja kina karibu kalori 120, yawe ya kukamuliwa kienyeji au ya dukani. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu, na yakishakaangia mara moja yasirudi jikoni tena na tena.

Asubuhi ndiyo naona inakuponza, ingawa hukuiandika. Watumishi wengi wanaokwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wanatoka nyumbani alfajiri bila kula, saa nne wanakunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili, saa kumi wanarudia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi, kama vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya chai hiyo vimemaliza vyote. Shuka nusu kijiko kila wiki, ulimi unajifunza. Beba kutoka nyumbani yai la kuchemsha na kiazi kitamu kidogo kilichochemshwa na ganda, vile vya Gairo vinavyopita hapa kila siku, au uji mzito wa ulezi usio na sukari. Ukiuepua uji, usubiri upoe kidogo ndipo utie vijiko viwili vya unga wa ubuyu. Ukali wake unafanya usiikumbuke sukari, na vitamini C ya ubuyu, ambayo ni nyingi kuliko ya chungwa, inasaidia mwili kunyonya chuma cha ulezi. Ukiuchemsha, vitamini hiyo inakufa. Ubuyu ninaousema ni ule mweupe unaobanduka kwenye mbegu, maana mwekundu wa vipakiti ni sukari na rangi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwa ajili ya potasiamu. Chai yenyewe inywe saa moja mbali na mlo.

Asali ya Manyoni ni safi, naipenda, lakini kwa damu yako ni sukari. Zabibu zetu kula punje kumi na tano hivi baada ya chakula, juisi yake uiache hata kama imekamuliwa mbele yako.

Binti yako mshukuru kwa upendo. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, apande mti uani muyapike kama mchicha. Unga wa chupa unaouzwa kama tiba ni jambo lingine: hujui kipimo, hujui kilichochanganywa, na kwa mtu anayemeza vidonge vya sukari au presha unaweza kuongeza nguvu ya dawa mpaka akaanguka. Siki ya tufaha inaweza kupunguza kidogo kupanda kwa sukari baada ya mlo, ila inakula meno na kuchoma koo, na kazi hiyohiyo mboga na kunde zinaifanya bila madhara. Fedha ya siki inunue kunde. Na wasomaji wengine mnaonisikiliza mkiwa tayari kwenye dawa, msiache kidonge hata kimoja kwa sababu ya jibu hili. Nendeni na mabadiliko ya chakula kwa daktari, apunguze dozi yeye.

Mazoezi, nitasema kwa ufupi kwa kuwa hayahitaji maneno. Ukila mchana, tembea dakika kumi kuzunguka majengo kabla ya kurudi kitini. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu papo hapo. Jioni tembea dakika ishirini, Ipagala hadi Ilazo na kurudi, jua likishalegea. Siku saba za namna hiyo zimepita zile dakika 150. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa baridi wa Dodoma usiwe kisingizio, vaa sweta. Pata usingizi wa muda wa saa saba kila usiku. Mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa ya vitu vitamu.

Chungu kiwe kimoja. Hakuna kilichoandikwa humu kinachomdhuru mumeo au watoto, na ukijipikia peke yako utachoka kabla ya mwezi kuisha. Tofauti iwe kwenye kupakua: vijana wanaokua waongezewe ugali na karanga, na mtoto mdogo kama yupo ale mara nyingi zaidi na apate kijiko cha mafuta kwenye chakula chake, tumbo lake dogo halishibi kwa nyuzinyuzi nyingi. Wa chini ya mwaka mmoja asionjeshwe asali kabisa.

Kabla ya miezi mitatu, ukiona kiu isiyokatika, kukojoa sana usiku, macho kufifia au kupungua uzito bila wewe kutaka, usisubiri tarehe, nenda. Tarehe ikifika, fika bila kula wala kunywa chai kwa saa nane au zaidi, maji matupu ruksa. Kaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa presha, miguu sakafuni, mkono umeegemezwa. Kama maabara ina kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kiombe, kwa sababu kile cha asubuhi moja kinaweza kukudanganya. Na leo jioni pitisha utepe wa fundi cherehani kiunoni, uandike sentimita zako. Kwa mwanamke zikizidi 80 ni dalili ya kuangalia, na mara nyingi kiuno hupungua kabla mizani haijaonyesha kitu.